Jinsi ya kulisoma bakuli la kale la fedha la Kiingereza kabla hujalinunua

Bakuli la fedha lililofuliwa London mwaka 1787 linaweza kukaa mezani leo likatiwa sukari kama kawaida. Na halihitaji mtu wa kulisemea. Kwenye kitako chake limepigwa chapa zinazoonyesha lilipimwa wapi, mwaka gani, kwa fedha ya kiwango gani na kwa dhamana ya nani. Ni vitu vichache sana vya kale vinavyokuja na cheti chao mwilini namna hii.

Lakini wanunuzi wengi huzikimbilia chapa na kuishia hapo hapo, na ndipo wanapoliwa. Mimi nashauri ufanye kinyume: anza na bakuli lenyewe, kisha chapa, halafu jiulize kama mawili hayo yanakubaliana. Yakigombana, achana nalo hata kama bei ni ya kutupa.

Vifaa si vingi: lenzi ya sonara inayokuza mara 10, mizani ya jikoni inayosoma gramu, tochi ya simu, kitambaa laini cha pamba, na jedwali la herufi za miaka, ambalo hupatikana katika vijitabu vya mfukoni na mtandaoni. Sumaku haitakufaa sana. Fedha haivutwi na sumaku, ni kweli, lakini shaba nayo haivutwi.

Hatua ya 1: Jua bakuli lilikuwa la kazi gani

Umbo peke yake linakupa nusu ya tarehe. Mabakuli madogo yenye vishikio viwili, ya vinywaji vya moto na uji wa mgonjwa, ni ya karne ya 17 hadi mwanzoni mwa karne ya 18. Bakuli kubwa la duara lisilo na kishikio, au lenye pete mbili ubavuni, huwa la panchi, kile kinywaji cha pombe kali, sukari, ndimu na viungo.

Lipo pia lile liitwalo monteith, lenye ukingo wenye mapengo. Lilianza kuonekana miaka ya 1680. Bakuli lilijazwa maji baridi, bilauri za mvinyo zikaning'inizwa kichwa chini kwa kupachika miguu yake kwenye yale mapengo, zipoe. Baadaye mafundi walitengeneza ukingo wa kuondolewa, ili bakuli moja lipoze bilauri na pia litumike kwa panchi.

Bakuli la sukari liliingia pamoja na chai, na ndilo mnunuzi wa kawaida hukutana nalo zaidi. Hapa nasimama kidogo. Sukari iliyojaza mabakuli haya katika karne ya 18 ililimwa Karibea na Waafrika waliofanywa watumwa, na ramu ya panchi ilitoka mashamba hayo hayo. Anayependa ufundi huu anapaswa kulijua hilo pia, maana bila biashara ile meza za Uingereza zisingekuwa na haja ya mabakuli mengi kiasi hiki.

Mwishoni mwa enzi ya Malkia Victoria yakaja mabakuli makubwa ya maua ya waridi, mengi yakiwa zawadi za mashindano, yenye maandishi ya mshindi na mwaka. Haya ni mengi sokoni, na bei zake ni za kuvumilika.

Hatua ya 2: Lisome kwa mikono na macho

Usigeuze kitako bado. Lishike kwanza. Fundi wa mwanzoni mwa karne ya 18 alianza na bamba bapa la duara, akalifua kwa nyundo huku akilizungusha. Kila lilipokakamaa alilirudisha motoni likalainika, akaendelea kulipandisha hadi likawa bakuli. Bakuli la namna hiyo huwa na unene mzuri ukingoni, na katikati ya kitako mara nyingi hubaki kitundu kidogo cha ncha ya bikari, aliyoitumia kupimia kama duara lake halijapinda. Kitafute kwa lenzi.

Sasa washa tochi, ulimulike kwa ubavu, si kwa juu. Mwanga wa ubavu hufichua mawimbi hafifu ya nyundo ndani ya bakuli, mahali fundi alipolainisha lakini hakufuta kila kitu. Ukiona badala yake miduara myembamba, sawasawa, inayofuatana kutoka katikati hadi ukingoni, bamba hilo lilisukumwa juu ya kalibu inayozunguka kwenye mashine. Hiyo ni kazi ya karne ya 19 na kuendelea. Si kosa hata kidogo, ila bakuli hilo haliwezi kuwa la mwaka 1720.

Mshono wa wima ubavuni nao unahitaji akili. Kwenye bakuli linalodaiwa kuwa la 1720, mshono ni sababu ya kuuliza maswali. Kwenye kikapu cha sukari cha miaka ya 1780 ni jambo la kawaida, kwa sababu wakati huo karakana zilikuwa zinanunua bamba jembamba lililopitishwa kwenye vinu, wakalikata, wakalikunja na kulilehemu.

Kisha fanya jambo ambalo wauzaji wazoefu hulifanya bila hata kufikiri: lipulizie pumzi. Ukungu ukitanda juu ya fedha, mstari wa lehemu hujitokeza kwa rangi tofauti kwa sekunde chache kabla ukungu haujayeyuka. Pulizia kitako chote, pulizia shina la mguu, pulizia kila mahali penye nembo. Ukiona duara au mraba umezunguka chapa, hapo pamepachikwa kipande kutoka kwenye chombo kingine.

Mwisho, bonyeza kwa kidole gumba pale ambapo nembo ya ukoo ingekaa, ubavuni au katikati ya bakuli. Familia ziliuza vyombo, na mwenye chombo mpya hakutaka nembo ya mwingine, hivyo ikasuguliwa hadi ikaisha. Mahali hapo hubaki pembamba, na ukibonyeza panabonyea na kurudi kama kifuniko cha kopo. Nembo mpya iliyochongwa juu ya sehemu nyembamba namna hiyo si ya zama za bakuli, na bei inapaswa kushuka.

Hatua ya 3: Hakikisha si la kuchovya

Mwaka 1743 fundi mmoja wa Sheffield, Thomas Boulsover, aligundua kwamba bamba la fedha na bamba la shaba vikishikanishwa kwa moto vinaweza kufuliwa pamoja kama chuma kimoja. Mabakuli mazuri sana yalitengenezwa kwa njia hiyo hadi kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipochukua hataza ya kuchovya fedha kwa umeme mwaka 1840.

Pitisha ukucha chini ya ukingo. Kwenye kazi ya Sheffield utahisi kijiukingo, kwa sababu fundi alilazimika kuifunika ile shaba iliyochungulia pembeni. Tazama pia sehemu zilizosuguliwa zaidi, hasa kwenye nundu za nakshi: wekundu ukichungulia, hiyo ni shaba. Herufi EPNS maana yake ni chombo kilichochovywa kwa umeme, hata kama kando yake kuna vingao vidogo vinavyofanana na chapa halisi. Bakuli zuri la Sheffield ya kale lina thamani yake, mradi tu ununue ukijua ni nini.

Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam, sonara anaweza kukusaidia kupima uzito, lakini usimruhusu alikwangue kwa tupa wala alitie tindikali. Kwa pete ya jana hilo halina neno. Kwa bakuli la karne mbili ni kovu lisilofutika.

Hatua ya 4: Geuza kitako, soma chapa

Sasa lenzi. Kuna mambo manne au matano ya kutafuta.

*Simba anayetembea.* Ndiye ushahidi wa kiwango: sehemu 925 za fedha safi katika 1000, zilizobaki kwa kawaida ni shaba ya kuipa ugumu. Simba huyu alianza kupigwa mwaka 1544. Kwenye chapa za London, hadi mwaka 1821 alikuwa amegeuza uso kukutazama, baada ya hapo akawa anatazama mbele aendako.

*Alama ya mji.* Kichwa cha chui ni cha London, na kilivaa taji hadi 1821, kisha likavuliwa. Nanga ni Birmingham na taji ni Sheffield, miji miwili iliyopata ofisi zake za upimaji mwaka 1773 baada ya Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham, na wenzake kulishawishi Bunge, maana wafanyabiashara wa Birmingham walikuwa wamechoka kusafirisha vyombo hadi Chester. Chester yenyewe ina miganda ya ngano na upanga, Exeter ngome yenye minara, Newcastle ngome tatu. Jihadhari: ofisi za mikoani kwa nyakati fulani zilipiga kichwa cha chui pamoja na alama yao. Ukiona chui na ngome tatu pamoja, bakuli ni la Newcastle, si la London.

*Herufi ya mwaka.* London ilianza utaratibu huu mwaka 1478. Mzunguko wake ni wa herufi 20, kutoka A hadi U bila J, na kila ulipoisha ukaanza upya kwa mwandiko au ngao tofauti. Kwa karne ya 18 na 19 ni rahisi kukumbuka: A iliangukia 1736, 1756, 1776, 1796, 1816, 1836, 1856 na 1876. Ndiyo maana huwezi kusema "ni herufi M" na kutulia. Lazima uangalie kama ni kubwa au ndogo, mwandiko wake, na umbo la ngao iliyoizunguka. Herufi ilibadilishwa mwezi Mei, kwa hiyo mwaka wa 1787 kwa lugha ya chapa ni kuanzia Mei 1787 hadi Mei 1788. Miji mingine ina mizunguko yake, na Sheffield kwa miaka 50 ya mwanzo ilizirusha herufi bila kufuata mpangilio wa alfabeti, hivyo usikisie.

*Kichwa cha mfalme au malkia.* Kilipigwa kuanzia mwisho wa 1784 hadi 1890 kuonyesha kuwa kodi imelipwa. Mwanzoni kilizama ndani ya fedha, na tangu 1786 kikawa kimeinuka.

*Herufi za fundi.* Nitazirudia hapo chini.

Kuna kipindi kimoja kinachowachanganya watu. Kati ya 1697 na 1720 simba na chui hawapo kabisa. Wafua fedha walikuwa wakiyeyusha sarafu ili wapate malighafi, kwa kuwa sarafu na vyombo vilikuwa na kiwango kimoja. Serikali ikapandisha kiwango cha vyombo hadi 958.4, ikaweka chapa mpya: mwanamke aliyeketi, Britannia, na kichwa cha simba kilichokatwa shingoni. Mwaka 1720 kiwango cha zamani kilirudi, lakini Britannia iliruhusiwa kuendelea kwa anayetaka.

Tuchukue mfano. Una kikapu cha sukari chenye kishikio cha kuinamisha. Kitakoni: simba anayekutazama, chui mwenye taji, herufi ndogo m, kichwa cha mfalme kilichoinuka, na HB kwa mwandiko wa mkono. Mzunguko wa 1776 ni wa herufi ndogo. Ukihesabu bila j, m ni 1787. Kichwa kilichoinuka kinakubali, kwa kuwa ni baada ya 1786. Taji la chui linakubali. HB ni Hester Bateman, fundi wa London tutakayemwona Hatua ya 5, aliyekuwa bado kazini. Mshono ubavuni unakubali. Kila shahidi anasema neno lile lile, na hapo ndipo unaruhusiwa kufurahi. Kingekuwa na herufi ya mwaka 1770 na kichwa cha mfalme, ungekirudisha mezani papo hapo.

Usisahau vipande vinavyotoka. Ukingo wa monteith, kifuniko, kishikio: kila kimoja kinatarajiwa kuwa na chapa zake, angalau simba na herufi za fundi, na zilingane na za bakuli.

Hatua ya 5: Mjue fundi

Alama za fundi zilikuwa za lazima tangu 1363. Lakini zinamtaja aliyepeleka chombo kupimwa na kukibebea dhamana. Si lazima awe ndiye aliyeshika nyundo. Karakana kubwa ilikuwa na mafundi wengi na wanagenzi, na baadhi ya maduka yalipeleka kwa jina lao kazi iliyofuliwa kwingine.

Katika kipindi cha Britannia fundi alitakiwa kutumia herufi mbili za kwanza za jina la ukoo. Ndiyo sababu Paul de Lamerie alijiandikisha mwaka 1713 kwa LA, na baadaye tu akatumia PL. Alizaliwa 1688 Uholanzi, wazazi wake wakiwa Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia baada ya Mfalme Louis wa 14 kuwaondolea haki ya kuabudu mwaka 1685. Wakimbizi hao waliijaza London ufundi ambao wenyeji hawakuwa nao: vyombo vizito, nakshi za kumwagwa kwenye kalibu, mapambo yaliyolehemiwa juu ya mwili wa bakuli. De Lamerie aliendelea kutumia fedha ya Britannia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1730, wakati hakuna aliyemlazimisha. Kwa maoni yangu hakuna aliyemzidi Uingereza katika karne yake.

Hester Bateman ni habari nyingine kabisa. Mumewe alifariki 1760 akamwachia zana na watoto. Yeye hakujua kuandika. Mwaka uliofuata alisajili chapa yake Goldsmiths' Hall, makao ya chama cha wafua dhahabu na fedha wa London, na kwa miaka karibu 30 akaiendesha karakana ya Bunhill Row pamoja na wanawe. Hakushindana na vyombo vya kifalme. Alitengeneza vitu vyepesi na safi kwa watu wa kipato cha kati: ukingo wa vishanga vidogo vidogo, na nakshi ya kukata kwa patasi kali inayometa taa ikiipiga. Alistaafu 1790, na baada yake utakuta PB juu ya IB, kisha PB na AB, wanawe na mkwewe Ann. Jina lake hupandisha bei, na hivyo ndilo linaloghushiwa pia.

Paul Storr, PS, alizaliwa karibu na mwaka 1770. Bakuli lake utalitambua kwa uzito mkononi kabla ya kuona chapa. Kuanzia 1807 hadi 1819 alifanya kazi kwa ajili ya Rundell, Bridge & Rundell, sonara wa mfalme, na vyombo vingi vya kipindi hicho vina maandishi ya Kilatini ya duka hilo yaliyopigwa chini.

Ukipenda kazi za karibuni zaidi, tafuta Charles Robert Ashbee, aliyeanzisha chama chake cha mafundi mashariki mwa London mwaka 1888, na mabakuli yake yenye vishikio virefu vya waya vilivyojipinda. Au Omar Ramsden, aliyezaliwa Sheffield 1873 na kufariki 1939. Hawa wawili waliacha alama za nyundo zionekane kwa makusudi. Fundi wa karne ya 18 angeona aibu kumkabidhi mteja bakuli lenye makovu ya nyundo kwa nje, wao waliona ndipo uzuri ulipo.

Hatua ya 6: Mizani

Chini ya mabakuli mengi kuna tarakimu zilizochorwa kwa ncha, mfano 12 na 10. Ni uzito wa siku bakuli lilipokuwa jipya: wakia 12 na sehemu 10, ambapo wakia moja ya sonara ni gramu 31.1 na ina sehemu 20. Hapo ni wakia 12 na nusu, karibu gramu 389. Lipime. Likisoma 380, karne mbili za kusuguliwa zimekula kidogo, ni kawaida. Likisoma 340, kuna kitu kimeondolewa: nembo, kishikio, au mguu. Likisoma zaidi ya 389, kuna kitu kimeongezwa, na hilo ndilo baya zaidi.

Hatua ya 7: Ujue ujanja wa waghushi

Katikati ya karne ya 18 kughushi chapa kulikuwa kosa la kunyongwa, na bado watu walifanya. Ujanja mkongwe ulianza na kodi ya peni sita kwa kila wakia iliyowekwa 1720. Fundi alipeleka kijisahani kidogo kupimwa, akakata kipande chenye chapa, akakilehemu kwenye kitako cha bakuli zito ambalo halikulipiwa kodi. De Lamerie mwenyewe alifanya hivyo. Vyombo hivyo ni vya kale kweli, na kazi ni ya fundi huyo huyo. Kipande kilichohamishwa juzi kutoka kijiko kilichovunjika ni wizi mtupu. Ile pumzi ya Hatua ya 2 huonyesha mstari wa lehemu katika hali zote mbili. Kutofautisha moja na nyingine ni kazi ya mtaalamu.

Dalili nyingine: chapa zenye kingo laini, kana kwamba zimemwagwa kwenye kalibu badala ya kupigwa kwa muhuri wa chuma. Na chapa mbichi kabisa kwenye bakuli ambalo nakshi yake imefutika. Vitu vinavyokaa pamoja huchakaa pamoja.

Yapo pia mabakuli yaliyogeuzwa, kama kikombe cha bia kilichokatwa kuwa bakuli, au bakuli lisilo na nakshi likapigwa maua enzi ya Victoria. Uingereza hairuhusu kuuza chombo kilichobadilishwa umbo bila kupimwa upya, na Goldsmiths' Company, chama kile cha mafundi wa London, ina kamati ya wataalamu inayochunguza vyombo vya kale vyenye shaka.

Hatua ya 8: Nunua

Ukiwa London, nenda kwanza Victoria and Albert Museum, ambako kuingia ni bure, ukazoeshe macho. Kisha shuka London Silver Vaults, Chancery Lane, maduka ya chini ya ardhi ambako wauzaji wengi watakuachia ushike. Kushika vyombo vizuri kunafundisha kuliko picha elfu.

Kabla ya kutaja bei, piga hesabu ya chini kabisa: gramu mara 0.925 mara bei ya fedha ya siku hiyo kwa gramu. Hiyo ni bei ya kuyeyushwa. Kilicho juu yake unalipia umri, fundi na hali. Nisingelipa ziada kubwa kwa bakuli lenye nembo iliyofutwa au kiraka, hata la Bateman. Kwa pesa hizo chukua bakuli la fundi asiye na jina kubwa lililobaki zima. Risiti iandikwe fundi, mji, mwaka, uzito na matengenezo yoyote, na muuzaji asiyetaka kuandika uliyoambiwa kwa mdomo usimlipe.

Hatua ya 9: Litunze

Weusi wa fedha unatokana na salfa iliyo hewani, kwenye mayai, vitunguu, sufu na mpira. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kausha mara moja, na tumia dawa ya fedha mara chache tu, kwa kuwa kila usuguaji unaondoa chuma na kulainisha chapa. Majivu, mchanga, waya wa chuma na dawa ya meno visiguse bakuli kabisa. Weusi uliolala ndani ya mifereji ya nakshi uache, ndio unaoifanya ionekane.

Chumvi ni hatari kuliko salfa, maana inachimba mashimo. Ukaapo pwani, upepo wa bahari unaileta hadi kabatini, kwa hiyo lifute kwa kitambaa kikavu mara kwa mara na ulihifadhi ndani ya kitambaa cha pamba kilichooshwa, si gazeti. Bakuli lenye dhahabu ndani usilisugue ndani hata kidogo, tabaka lake ni jembamba mno. Na usifunge kitambaa hicho kwa mpira wa kufungia noti: salfa yake hupenya hadi kwenye fedha na kuacha mstari mweusi ambao hautoki bila kusugua chuma chenyewe.